Jinsi ya kukaza nati ya mabawa kwenye gurudumu la spoki la gari la zamani

"Hiyo nati inajikaza yenyewe ukiendesha." Kauli hiyo nimeisikia kwa wenye magari, nimeisikia kwa mafundi, na niliisikia kwa mtu aliyeniuzia MGB yangu, gari dogo la michezo la Uingereza. Ina ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayomaliza magurudumu, na siku mbaya ikifika ndiyo inayofanya gurudumu lako likupite barabarani.

Nati ya mabawa ni ile nati moja kubwa iliyo katikati ya gurudumu la spoki, yenye mabawa mawili au matatu ya kupigwa kwa nyundo. Imeundwa isilegee gari linapokwenda mbele, hilo ni kweli. Lakini ili ijikaze, gurudumu lazima liwe tayari linacheza, na gurudumu linalocheza linasaga meno ya habu, yaani kitovu cha chuma ambacho gurudumu linakivaa, kila unaposhika breki na kila unapokanyaga mafuta. Mwenye kuiachia nati ijikaze atainunua habu mpya kabla ya wakati wake. Kazi ya kukaza ni ya mkono wako.

Ninayoyasema yanahusu hasa magari ya michezo ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960: MGA, MGB, Austin-Healey, Triumph TR, Jaguar E-Type na jamaa zao. Kenya bado yapo. Utayaona yameng'arishwa kwenye Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, na mengine yamefunikwa turubai nyuma ya nyumba za watu, yakingoja mtu wa kuyapenda.

Kinachoshika gurudumu

Kwenye ekseli kuna habu iliyochongwa meno marefu kwa nje. Gurudumu nalo lina meno kwa ndani, yakaingiliana na yale ya habu. Meno hayo ndiyo yanayobeba nguvu ya injini na ya breki. Nati yenyewe kazi yake ni kubana. Nyuma kabisa ya habu kuna koni ambayo gurudumu linaikalia. Mbele, mdomo wa gurudumu umechongwa koni ya pili, na nati ina shimo la umbo hilo hilo linaloifunika. Ukikaza, gurudumu linabanwa baina ya koni mbili, halichezi juu, chini wala pembeni.

Mfumo huu ulitoka kwa Rudge-Whitworth, kampuni ya baiskeli na pikipiki ya Coventry, mwanzoni mwa karne ya 20. Sifa yake ilikuwa kasi: mapigo machache ya nyundo, gurudumu limetoka. Mbio za saa 24 za Le Mans zilipoanza mwaka 1923, kombe lililoshindaniwa lilibeba jina la kampuni hiyo.

Bawa la nyuma hukaza, bawa la mbele hufungua

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Nati za upande wa kushoto wa gari zina thredi (mikato ya kukazia) ya kawaida, yaani zinakazwa kwa mwendo wa saa. Za upande wa kulia zina thredi ya kushoto, zinakazwa kinyume na saa. Kushoto na kulia ni kwa mtu aliyekaa garini akitazama mbele. Nati nyingi zimechapwa neno UNDO na mshale unaoonyesha upande wa kufungulia, pamoja na LEFT au NEAR kwa za kushoto, RIGHT au OFF kwa za kulia. Lakini maandishi hufutika nati ikipakwa kromu upya, na mtu aliyechoka, kwenye giza, huuchanganya mwendo wa saa. Kwa hiyo shika kanuni hii ambayo ni moja kwa magurudumu yote manne.

Chuchumaa ukilitazama gurudumu. Bawa moja liwe upande wa mbele wa gari, jingine upande wa nyuma, yamelala sawa na sakafu. Ukilipiga bawa la nyuma kwenda chini, unakaza. Ukilipiga bawa la mbele kwenda chini, unafungua. Kushoto ni hivyo, kulia ni hivyo.

Sababu yake ukiielewa hutaisahau. Chukua chupa, ilaze mkononi, utundike bangili shingoni mwake. Sasa izungushe chupa taratibu. Bangili inazunguka nayo, lakini chupa ikishamaliza duara zima, bangili bado haijamaliza, kwa kuwa ni pana kuliko shingo. Inabaki nyuma. Shimo la nati nalo ni pana kidogo kuliko koni ya gurudumu iliyo ndani yake. Gurudumu likilegea, nati inakuwa ile bangili: kila mzunguko inabaki nyuma kidogo. Waliochonga thredi waliichonga ili kule kubaki nyuma kuwe ndiko kukaza. Ndiyo maana nati ya kila upande inakazwa kinyume na mwendo wa gurudumu.

Na ndiyo maana habu zikiwekwa upande usio wao, nguvu ile ile iliyokuwa ikikaza inafungua.

Hilo lilinikuta. Gereji moja ilinibadilishia oili sili (raba za kuzuia oili isivuje) za ekseli ya nyuma, na habu mbili zikarudishwa kila moja mahali pa mwenzake. Ziliingia bila shida yoyote, maana kwa ndani zinafanana. Tofauti iko kwenye thredi peke yake. Nati zikakazwa kwa nyundo, zikakazwa vizuri. Kilomita kama thelathini baadaye nikasikia *tok* nilipokanyaga breki, kisha *tok* nyingine nilipoongeza mafuta. Nilisimama, nikashuka, nikaishika nati ya nyuma kulia. Ilizunguka kwa vidole viwili. Ilikuwa imebakiza thredi tatu.

Tangu siku hiyo, gari lolote la spoki likija mikononi mwangu, kazi ya kwanza ni kulegeza nati zote nne moja moja nikihakikisha kila moja inafunguka kwa bawa la mbele kwenda chini. Ikiwepo hata moja inayofunguka kwa upande mwingine, gari haliendi popote mpaka habu zibadilishwe. Lifanye jaribio hilo hata kama gari umelinunua kwa mtu mwaminifu, na urudie kila habu zinapotolewa.

Nyundo, na spana ya mbao

Nyundo ya chuma iache kwenye sanduku. Inachana kromu na kulikunja bawa, na bawa lililopigwa chuma miaka mingi huchanua ncha kama uyoga. Nyundo ya mpira nayo inadunda, nguvu yote inakurudia mkononi. Kinachotakiwa ni kitu kizito lakini laini.

Nyundo ya shaba na ngozi inafaa sana: uso mmoja ni shaba, mwingine ni ngozi mbichi iliyoviringishwa ikabanwa. Tumia uso wa ngozi kwenye nati yenye kromu. Chagua yenye uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili. Nyepesi zaidi ya hapo utapiga mara ishirini bila faida.

Nyundo ya risasi ndiyo iliyozoeleka zaidi zamani, na ni tamu kutumia, maana haidundi kabisa. Lakini risasi ni sumu. Osha mikono ukimaliza, iweke mbali na watoto. Na fundi akikwambia atakuyeyushia betri kuukuu akutengenezee moja, mkatalie. Tunajua namna watu wa Owino Uhuru, Mombasa, walivyougua kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa jirani na nyumba zao.

Kifaa ninachokipenda mimi kuliko vyote ni spana ya mbao, na unaweza kujitengenezea kwa nusu siku. Bandika karatasi juu ya nati na usugue kwa penseli mpaka umbo la mabawa litokee. Hamishia umbo hilo kwenye vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18, vikate kwa msumeno mwembamba, kisha vigandishe kwa gundi na kuvibana kwa bolti viwe kitu kimoja kinene. Shimo likae kwenye nati bila kulazimishwa, lisiwe pana hadi nati icheze ndani. Kuta za shimo zipake gundi uzibandikie tyubu ya baiskeli iliyopasuliwa. Halafu funga mbao ya mbili kwa nne, urefu wa mita moja, pembeni ya shimo. Isilizibe, ili kichwa cha nati kipate pa kutokezea. Mkandamizo wa mikono miwili kwenye ncha ya mbao hiyo unatosha. Haina kelele, haimwamshi jirani, haichubui kromu, na mikono yako inahisi nati inapokaa, jambo ambalo nyundo haikupi.

Gari lako likiwa na nati ya pembe nane isiyo na mabawa, halina kasoro. Sheria za usalama za Marekani zilikataza mabawa yanayochomoza kuanzia mwaka 1968, na magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko hilo yakafungwa nati za namna hiyo. Zina spana yake maalumu inayoifunika nati nzima, nawe unapiga mpini wa spana. Usijaribu spana ya bomba. Itakula pembe zote kwa siku moja.

Zaidi ya hapo andaa jeki, stendi imara, mawe au kabari za kuzuia magurudumu mengine, burashi, mafuta ya taa, grisi, matambara, na kalamu ya wino mzito.

Kazi yenyewe

Egesha pagumu na tambarare. Zuia magurudumu unayoyaacha chini. Breki ya mkono inashika ya nyuma tu, kwa hiyo ukifanya ya mbele mtafute mtu akukalie kwenye usukani akanyage breki.

Pandisha jeki mpaka tairi liguse sakafu kwa mbali tu, kiasi cha kuweza kupitisha karatasi kwa kuivuta. Gurudumu likiwa limebeba uzito wote, litang'ang'ania kwenye habu na kukwaruza thredi. Likiwa hewani kabisa, litageuka pamoja na nati na gari litatikisika. Weka stendi chini ya gari kabla ya pigo la kwanza. Kupiga nyundo gari likiwa limeshikwa na jeki peke yake ni kuchezea maisha.

Legeza nati kwa bawa la mbele. Ikigoma, ipake mafuta ya kulainisha kutu uiache usiku kucha. Usiichome moto, kuna grisi ya beringi na raba nyuma yake. Ikishalegea, pandisha gari hadi tairi liwe huru, uweke stendi upya, umalizie nati kwa mkono, ukiishika kwa chini isikudondokee mguuni. Vuta gurudumu lije moja kwa moja bila kulipinda.

Sasa safisha. Hapa watu huwa na haraka, na haraka hiyo wanailipia baadaye. Grisi kuukuu iliyochanganyika na mchanga wa barabarani ni msasa: inasaga meno ukiwa umelala. Sugua meno ya habu, meno ya gurudumu, koni zote mbili, thredi, na ndani ya nati, kwa burashi na mafuta ya taa. Kinga diski ya breki kwa tambara, isilowe. Vikikauka, zitazame koni. Unataka kuona mduara mmoja unaong'aa, wenye upana sawa pande zote. Koni inayong'aa nusu tu inakwambia gurudumu halikai sawa. Ukiwa na shaka, pake koni wino mwembamba wa kalamu, funga gurudumu, kaza, fungua, uone wino umefutika wapi.

Kisha pake grisi mpya kwenye meno, kwenye thredi na kwenye koni, safu nyembamba kama mafuta unayojipaka usoni. Grisi nyingi itarushwa kwenye spoki na kwenye breki. Bila grisi, hasa ukiishi pwani, gurudumu litashikana na habu kwa kutu hadi ulikate.

Rudisha gurudumu, lisukume mpaka uhisi limegota kwenye koni ya nyuma. Funga nati kwa vidole. Nasisitiza vidole: lazima izunguke laini hadi iguse gurudumu. Ikigoma baada ya mzunguko mmoja au miwili, simama. Kuna habu za thredi 8 kwa inchi na za thredi 12 kwa inchi, na nati ya moja hukubali kuanza kwenye nyingine kisha ikaiharibu. Au umeshika nati ya upande wa pili.

Tairi likiwa bado halijabeba uzito, piga bawa la nyuma mapigo mawili matatu mepesi huku ukilitikisa gurudumu kwa mkono mwingine. Lizungushe nusu duara, rudia. Unalisaidia likae katikati ya koni kabla uzito wa gari haujalivuta upande. Likishakaa, ondoa stendi, shusha gari chini kabisa. Mapigo ya mwisho hupigwa gari likiwa kwenye magurudumu yake. Bawa likiwa limekaa vibaya kwa nyundo, lisogeze gari kidogo hadi mabawa yalale sawa, uvute tena breki.

Piga goti, funika ubavu wa gari kwa tambara nene, na uiachie nyundo ishuke kwa uzito wake kwenye theluthi ya mwisho ya bawa, uso wa nyundo ukiwa sambamba na bawa. Pigo la pembeni linateleza, na likiteleza linatua kwenye spoki au kwenye goti lako.

Sasa sikiliza. Mzee aliyenifundisha kazi hii alikuwa akisimama pembeni amegeuza mgongo.

"Umekaza?"

"Nimekaza, mzee."

"Piga moja nisikie."

Nilipiga. Akatikisa kichwa bila kugeuka: "Bado."

Pigo la kwanza kwenye nati iliyolegea lina sauti nene, *du*, kama kupiga gunia la unga, na bawa linasogea upana wa kidole. La tatu au la nne bawa linasogea unene wa ukucha. Halafu linafika pigo ambalo bawa halisogei kabisa, na sauti inabadilika ghafla, inakuwa fupi na kavu, *ti*, nawe unaihisi imepita hadi kwenye ekseli. Ongeza pigo moja la kuthibitisha. Likitoa mlio ule ule na bawa likabaki pale pale, acha. Kwangu huwa mapigo sita hadi nane kwa nyundo ya kilo mbili. Kwa spana ya mbao, ni pale mbao inapokataa kwenda na wewe umeweka uzito wako bila kurukia.

Mstari wa kalamu

Chora mstari mmoja unaovuka kutoka kwenye nati hadi kwenye gurudumu. Endesha kilomita 15 au 20, rudi uutazame. Ukiwa umekatika, yaani nati imejongea kuelekea kukaza, ujue gurudumu lilikuwa linacheza na hukukaza vya kutosha. Kaza tena, futa, chora upya, endesha tena. Gurudumu jipya au habu mpya huhitaji kurudiwa mara mbili tatu, kwa sababu koni bado zinazoeana. Baada ya hapo pitia nati zote kabla ya kila safari ndefu; ni kazi ya dakika tano. Mstari uliojongea kuelekea kufungua ni habari mbaya: rudi kwenye jaribio la habu, na gari lisiondoke.

Meno yaliyoisha

Kukaza hakuponyi meno yaliyokwisha. Inua gurudumu, mtu akanyage breki kwa nguvu, nawe ulishike saa tatu na saa tisa ujaribu kulizungusha mbele na nyuma. Lisisogee hata kidogo. Likisogea na kutoa *tok*, vua uyatazame meno. Meno mazima yana vichwa bapa. Yaliyokwisha yamechongoka kama ya msumeno, na mara nyingi kuna unga mwekundu wa kutu kwenye mashina yake. Badilisha habu na gurudumu kwa pamoja. Gurudumu jipya kwenye habu iliyochongoka litachongoka nalo ndani ya miezi michache, na hela yako imekwenda.

Wenye magari yaliyoongezewa habu za spoki juu ya bolti za magurudumu ya kawaida watazame jambo moja zaidi: ncha za bolti zikichomoza kupita kiasi, gurudumu huzigusa kabla halijafika kwenye koni. Nati itakaza, mlio utakuwa mzuri, na gurudumu litakuwa halijakaa. Wino kwenye koni utakuonyesha.

Gurudumu la akiba nalo lipate burashi na grisi siku hiyo hiyo, maana meno yake hukaa wazi kwenye buti yakipata unyevu mwaka mzima. Nyundo au spana ya mbao ikae humo humo kwenye buti, imefungwa tambara isigonge, karibu na jeki. Pancha ikikupata usiku kwenye mteremko wa Mai Mahiu, utaipapasa kwa mkono bila kuhitaji taa.